Kadi ya Bi Harusi

Nianze na mimi mwenyewe, maana najua mkishamsikia Lusia mtamhurumia yeye, na mimi hamtanibakizia kitu.

Kwa miaka sita, kila neno lililotoka kwenye ukurasa wa Sabuni za Mama Kondo lilitoka kwenye vidole vyangu. Nilipoanza tulikuwa na wafuasi mia mbili, nusu yao ndugu zake Mama Kondo wa hapahapa Kilwa Kivinje. Leo wamefika elfu arobaini. Sabuni ya mwani niliiandika mimi. Ya karafuu mimi, ya liwa mimi, salamu za Idi mimi, za Krismasi mimi, na wateja wakifiwa, pole niliandika mimi. Kazi niliyoajiriwa ilikuwa kufungasha. Uandishi nilijipa mwenyewe, na Mama Kondo akaniachia kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Kwa hiyo siku aliyorudi kutoka kwenye maonyesho ya biashara Dar es Salaam na kuniambia anatafuta waandishi, nilidhani sijasikia vizuri.

"Waandishi wa kujitegemea, mwanangu," alisema, akivua viatu mlangoni. "Kule wote wanafanya hivyo. Hakai hapa, hali chakula chako. Unampa kazi, anaandika, anakutumia, basi. Ukurasa unataka kitu kipya kila siku, na sasa kuna tovuti. Wewe peke yako utachoka. Utakuwa msimamizi wao."

Msimamizi. Neno zuri sana la kumwambia mtu unayemnyang'anya kitu.

Tangazo nililiandika mwenyewe, nikalijazia masharti kama anayopewa mtu anayeposa binti wa liwali. Nilitumaini hatajitokeza mtu. Wakajitokeza arobaini na sita. Tukawapa jaribio moja wote: maneno yasiyozidi mia kuhusu sabuni ya mwani, kwa msomaji ambaye hajawahi kuigusa.

Jamani, nilicheka. Kumi na mmoja walianza na sentensi moja, "Katika ulimwengu wa leo wenye pilikapilika nyingi," nikajua ni mashine ileile imewaandikia wote. Jerome mmoja wa Dar alieleza kwa kirefu jinsi Wafaransa wanavyooga. Clemence mmoja alituma shairi la mapenzi na kuomba namba yangu ya simu. Nilikaa stoo juu ya katoni nikiwasoma mmoja mmoja, na kadiri walivyokuwa wabovu ndivyo roho yangu ilivyotulia.

Halafu nikafika wa ishirini na tisa. Lusia, wa Milola. Aliandika hivi:

"Sabuni yenu sijawahi kuigusa. Mikono itakayoigusa naijua. Mama yangu amebangua korosho miaka kumi na tisa. Mafuta ya maganda yamemchoma vidole mpaka alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilikataa kumtambua. Alirudi nyumbani mikono ameificha kwenye kanga. Sabuni haitamrudishia alama zake, na mimi siombi hilo. Naomba iwe laini, inukie vizuri, na siku moja imfanye asahau kuificha mikono mbele za watu."

Nilisoma mara moja. Nikaweka simu kifudifudi juu ya katoni. Nikaichukua tena, nikasoma, na mara hii nilikuwa natafuta kosa. Sikuliona hata moja. Wivu ukaniingia, na nisiwafiche, umenikaa miezi saba.

Ningeweza kumficha. Ila majaribio yalikuwa yanaingia pia kwenye simu ya Mama Kondo, na jioni ileile nilimsikia upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba cha kukatia sabuni, akiwasomea akina mama wanaokata. Alisoma kwa sauti. Alipofika kwenye kanga aliurudia mstari ule mara ya pili. Mmoja wa wakataji akasema, "Masikini weee."

Miaka sita nimemwandikia mwanamke yule. Hajawahi kusoma changu kwa sauti.

Tulichukua watatu. Wawili walichelewesha kazi, wakatoa visingizio, wakapotea wenyewe. Akabaki Lusia. Kila Jumatatu nilimtumia maelekezo, na kila Alhamisi, kabla ya adhuhuri, kazi ilikuwa imefika. Alikuwa akipanda kilimani nyuma ya shule, alisema, ndiko mtandao unakoshika. Kila ujumbe wake ulianza na "Shikamoo dada Esha." Shikamoo ya nini? Mimi nina miaka thelathini na minne, yeye ishirini na sita. Nikawa najibu marahaba huku meno nimeyauma.

Wateja hawakujua kama tumeongeza mtu. Wao walijua kuna admini mmoja tu. Basi wakaanza kunisifia mimi. "Admini siku hizi umeamka!" "Admini, zamani ulikuwa unatuandikia kama risiti, sasa hivi unatutoa machozi." Huyo wa risiti namjua kwa jina. Ni mteja wetu tangu mwanzo, na laiki zake zote za miaka sita nilikuwa nazihesabu kama za kwangu.

Nilijaribu. Msidhani nilikaa tu na kijiba cha roho. Nikaandika na mimi juu ya mama yangu, juu ya mikono yake, nikaweka na nazi na mbuzi ya kukunia. Nikampelekea Mama Kondo bila kusema ya nani, wala kama nimeipitisha. Akasoma akiwa anakunywa chai.

"Wiki hii Lusia kaandika haraka haraka, eti?" akasema.

Nikajikaza kisabuni, nikamwambia ndiyo, nitamwambia atulie.

Mwezi wa kumi Mama Kondo akaniita. Alikuwa na furaha, na furaha yake ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwa sababu ilionyesha hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alisema mwakani anataka mwandishi mmoja wa kudumu mwenye mkataba. Alifikiri amlete Lusia ahamie Kivinje, apewe chumba cha mbele na ukurasa wote.

"Na wewe nakupunguzia mzigo," akasema. "Urudi kwenye fungasho, nikupe na wasaidizi wawili. Umeteseka na simu hiyo miaka mingi, mwanangu. Ila kwanza tumwone kwenye Boksi la Bi Harusi. Akilipatia hilo, nimemaliza."

Boksi la Bi Harusi lilikuwa ndoto yake ya siku nyingi. Sabuni tatu, chupa ya mafuta ya nazi, liwa ya unga, udi, na kadi nzuri iliyochapwa ya kumweleza bi harusi ajitunze vipi siku zile za ndani kabla ya kutolewa. La kwanza kabisa lingefunguliwa nyumbani kwake, siku ya kumsinga binti yake Salima, yaani kumsugua liwa mwilini kabla ya harusi. Maboksi mengine ishirini na tisa yalikuwa yameshaagizwa, Mtwara, Dar, mpaka Unguja.

Nikamwandikia Lusia maelekezo ya kadi. Niliyaandika mafupi sana. Ningeweza kumweleza kusinga ni nini, liwa inapakwaje, nani anaingia chumbani na nani haingii. Sikumweleza. Nilisema moyoni, si mwandishi, basi aandike.

Alhamisi ikafika, na kadi ikafika. Mwanzo wake ulikuwa mzuri kiasi cha kunifanya nisimame. Ulikuwa unamwambia bi harusi kwamba kwa siku chache zilizobaki yeye ni mtoto wa mama yake, asiharakishe kuzimaliza. Halafu ikaja sehemu ya kuoga:

"Anza na maji yaliyolowekwa majani ya mkunazi yaliyotwangwa. Fuatisha maji safi na sabuni yetu. Malizia na maji yenye kafuri kidogo, kisha usijisuuze tena. Harufu hiyo ndiyo utakayoondoka nayo."

Chini yake alikuwa ameandika ujumbe wa pembeni. "Shikamoo dada Esha. Nilikwenda sokoni Lindi kwa muuza dawa za asili, nikamwuliza vitu vya kuogea wanavyotumia watu wa pwani. Alitaja vingi, nikachagua vinavyonukia vizuri. Nikamwuliza kipi kinatangulia, akasema mkunazi kwanza, kafuri mwisho. Lakini mimi Mkristo, wetu wametoka Umakonde, mambo haya siyajui. Huo mkunazi na kafuri sina uhakika navyo. Naomba jicho lako."

Sasa niwaambie jambo moja. Mama yangu mzazi ni mwoshaji. Akifa mwanamke wa Kiislamu mtaani kwetu, anaitwa yeye. Majani ya mkunazi nimetumwa kuyachuma tangu nina miaka minane, na kafuri tunaiweka kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Kwanza maji ya mkunazi, halafu maji safi, mwisho maji ya kafuri. Hivyo ndivyo anavyoogeshwa mtu anapokwenda kaburini. Lusia angeyajulia wapi? Waislamu wapo Milola, amezika nao mara nyingi, lakini anayeingia kule ndani ya pazia ni mwoshaji na ndugu wa marehemu. Yeye alikuwa nje na wapishi.

Alikuwa amemwandikia bi harusi maji ya maiti.

Sikushtuka. Nilifurahi. Niliwahi kufurahi hivyo siku niliyofaulu darasa la saba. Nikaona picha yote: Mama Kondo anavaa miwani, anasoma, anashika kichwa, anasema huyu wa bara hatufai, Esha chukua ukurasa wako. Kadi isingetoka ndani ya nyumba. Hakuna ambaye angeumia zaidi ya Lusia, na Lusia alistahili kuumia kidogo, mimi nimeumia miezi saba.

Nikamjibu: "Safi sana. Hakuna la kugusa." Nikaipeleka kwa Mama Kondo.

Saa nzima nilisubiri sauti yake. Mwisho nikamfuata mwenyewe. Nilimkuta anapima mafuta.

"Umeisoma ile kadi, mama?"

"Si umeipitisha wewe? Nimeshaituma Dar kwa mchapaji." Hakuinua hata kichwa. "Nikiona umepitisha wewe sisomi tena. Nisome nini mimi na miwani hii? Miaka yote nafanya hivyo."

Nilisimama pale nikinuka sabuni. Miaka yote. Kumbe ndiyo maana hakuwahi kusoma changu kwa sauti. Hakuwa akisoma kabisa. Alikuwa ananiamini.

Mtaniuliza kwa nini sikusema palepale. Nimejiuliza mimi pia. Ningesema nini? Kwamba nimeona sasa hivi, saa moja baada ya kusema hakuna la kugusa? Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake mchapaji akatuma picha ya kadi, ina maua ya rangi ya dhahabu pembeni, na Mama Kondo akaibusu simu. Nikajiambia nani anasoma kadi. Mimi, ninayejiita mwandishi, nikajifariji kwamba watu hawasomi. Maboksi yalipofika nikayafungasha yote kwa mikono yangu, ishirini na tisa yakapanda basi Nangurukuru, moja likabaki kwa Salima.

Siku ya kumsinga nilikuwepo. Ningekosaje? Mimi ni mtu wa nyumba ile. Salima alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga moja begani, liwa imemkolea mikono na shingo, akina mama wamemzunguka wanaimba na kumtania. Somo wake, mama anayemfunda, alikuwa anamsugua miguu. Mama yake Mama Kondo, bibi mzaa mama, alikaa kwenye kitanda, kiti cha heshima chumbani mule. Mama Kondo akaingia na boksi juu ya sinia, vigelegele vikapigwa mpaka masikio yakauma.

Likafunguliwa. Sabuni zikanuswa, zikapita mkono kwa mkono. Somo akaitoa kadi, akaigeuza, akanipa mimi.

"Mwandishi si huyu hapa? Tusomee, Esha."

Nilisoma mwanzo, ule wa mtoto wa mama yake. Mama Kondo alijifuta macho. Nilipoiona ile sehemu inakuja, ulimi haukukwama hata kidogo. Mkunazi nikasoma liwa. Kafuri nikasoma marashi. Ile ya usijisuuze tena nikairuka. Nilipanga sentensi nzuri palepale mdomoni, wakapiga vigelegele, na nisiwadanganye, katikati ya hofu ile nilijiona hodari. Nikafikiri, Lusia asingeweza hili.

Kisha Salima akanyoosha mkono wenye liwa. "Nipe na mimi nione, da Esha."

Bi harusi hanyimwi kitu. Nikampa. Akasoma polepole, midomo inacheza, halafu akaniangalia.

"Mbona hii hukusoma? Hapa pameandikwa mkunazi. Na kafuri. Mkunazi ni nini?"

Aliyekuwa anaimba aliacha. Somo aliondoa mikono kwenye miguu ya yule binti. Bibi akauliza kutoka kitandani, taratibu kabisa, "Mnamwosha nani humu ndani?"

Mmoja alisema astaghfirullahi, wa pili akaifuata, ikazunguka chumba kizima. Salima alikuwa mdogo wa kutojua, lakini hakuwa mjinga wa kutoelewa nyuso za watu. Akaanza kulia, machozi yakichora mistari kwenye liwa. Bibi aliagiza boksi litolewe nje na lisirudi, maji yaletwe, mtoto aoshwe liwa yote ianzwe upya, na mtu wa kumsomea dua aitwe. Mama Kondo alikuwa ameokota kadi. Alivaa miwani yake, akaisoma kwa mara ya kwanza. Alipomaliza hakumtazama mtu mwingine yeyote ila mimi.

Harusi ilifanyika. Salima alitolewa, akapendeza, akacheka kwenye picha. Lakini mpaka leo hajalala akiwa peke yake chumbani, mume wake amesema mwenyewe. Na siku iliyofuata mteja mmoja wa Mtwara aliweka picha ya kadi yetu mtandaoni, juu yake ameandika, "Sabuni na sanda, boksi moja." Ilisambaa kuliko chochote nilichowahi kuandika, au alichoandika Lusia.

Lusia aliitwa. Alifika siku ya nne baada ya harusi, mchana, ametoka Milola alfajiri. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Mfupi, mweusi, viatu vya wazi, kibegi cha mgongoni. Nilikuwa nimemchora kichwani kuwa mrembo, na nilipoona ni mtu wa kawaida tu nikakasirika upya, sijui kwa nini.

"Shikamoo mama. Shikamoo dada Esha."

Mama Kondo alimkalisha stoo, kwenye katoni zetu, akamweleza bila kupandisha sauti mkunazi ni wa nini na kafuri ni ya nini. Lusia aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mwanangu mimi," Mama Kondo akasema, "aliogopa harusi yake mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Esha. Wewe ni mtoto wa mwoshaji. Ulipoisoma mbele ya watu uliruka pale pale panapotakiwa kurukwa, wala hukukwama. Nataka kujua. Uliona palepale, au ulishaona kabla?"

Nilihisi Lusia ananitazama. Simu yake ilikuwa mapajani, kifudifudi, na kiganja chake kimetulia juu yake. Humo ndani kulikuwa na swali lake na jibu langu, na tarehe, na saa.

"Palepale, mama," nikasema. "Mara ya kwanza niliisoma harakaharaka."

Mama Kondo alivuta pumzi. Akamgeukia Lusia. "Na wewe kabla ya kutuma hukumwuliza mtu?"

Lusia aliangalia kiganja chake, akaangalia sakafu.

"Nilimwuliza muuza dawa sokoni Lindi, mama."

"Muuza dawa," Mama Kondo akasema. "Basi, mwanangu. Una mkono mzuri, lakini mimi na wewe tumemaliza."

Nilimsindikiza mpaka kituoni. Sikuagizwa, miguu ilikwenda yenyewe. Tulipita mbele ya lile jengo la zamani la Wajerumani lisilo na paa, watoto wanacheza mpira ndani yake. Hakuwa analia. Hakuwa hata amenuna, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyaweza.

"Kwa nini hukumwonyesha simu?" nikamwuliza.

Akaukwepa mpira wa watoto uliotoka nje.

"Ningemwonyesha, tungeondoka wote wawili. Mimi nikirudi nina shamba, dada. Ufuta wa mwaka huu tutapanda ekari tatu, na mama yupo, na kuandika nitaandika kwingine." Alirekebisha kibegi mgongoni. "Wewe una ule ukurasa tu. Nimeusoma wote, tangu posti ya kwanza. Ndiko nilikojifunzia. Nilisema moyoni, nikimwondolea huyu na huu, atabaki na nini?"

Alipanda gari la Nangurukuru, akanipungia mkono kama mgeni anayeaga wenyeji. Nikabaki nimesimama pale. Nilitaka kumchukia na sikupata pa kushika. Alikuwa amenihurumia. Niliyemwonea wivu miezi saba, ananihurumia. Na hata kule kuondoka kwake, mgongo umenyooka, na kwenyewe kulinitia wivu.

Niliporudi Mama Kondo alikuwa chumba cha kukatia sabuni na akina mama wake. Alinisemesha kupitia mlangoni. "Andika maneno ya kuomba radhi, uweke kwenye ukurasa kabla ya alasiri. Ukurasa ni wako sasa, mwanangu. Andika uweke, usinionyeshe." Bado. Baada ya yote yale, bado hakutaka kusoma kwanza.

Nilikaa stoo juu ya katoni. Nikaandika kwamba kampuni inasikitishwa na usumbufu uliojitokeza. Nikafuta. Nikaandika kwamba mwandishi wa nje, asiyejua mila zetu, alifanya kosa, na hatuko naye tena. Lilikuwa kweli kila neno. Nikalisoma, nikafuta. Mara ya tatu nikaanza na mikono ya mama yangu, nikagundua ninaiba tena, nikafuta. Kwenye simu, juu kabisa ya ujumbe wa wiki zile, palikuwa na maneno yangu bado: Safi sana. Hakuna la kugusa.

Mara ya nne sikufikiri sana. Niliandika hivi:

"Kadi iliyomo kwenye Boksi la Bi Harusi inaeleza maji ya kumwoshea maiti. Aliyeiandika hakujua, na aliuliza kabla. Aliyeulizwa ni mimi, Esha, mtoto wa mwoshaji wa Kivinje. Nilijua. Nilimjibu hakuna la kugusa, kwa sababu niliona mnavyompenda. Mama Kondo hakuisoma kadi kwa kuwa aliniamini. Bi harusi wote mliofungua boksi letu, na Salima, nisameheni. Chomeni kadi. Sabuni haina kosa."

Niliisoma mara moja. Haikuwa na kosa la kurekebisha, na haikufanana na ya mtu mwingine. Nikaiweka.

Simu ikaanza kulia mkononi, mlio juu ya mlio. Sikuitazama. Nilikuwa nasikiliza ukuta. Kule ndani visu viliendelea kukata, halafu kimoja kikaacha, halafu vyote. Kiti kikasogezwa. Kimya kikapita, kirefu cha mtu anayetafuta miwani yake.

Kisha Mama Kondo akaanza kusoma, kwa sauti.